Mwigizaji Huuza Mara Moja, Kipindi Huuzwa Mara Mia

Tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walipofungua shule, nyumba nyingi za Mombasa zimepata ugomvi ambao hazikuwa nao. Mfumo mpya umegawa masomo katika mikondo mitatu: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; ule wa sayansi za jamii; na ule wa sanaa na michezo. Serikali imesema ingependa asilimia 60 ya wanafunzi waende wa kwanza, 25 wa pili, na 15 waliobaki waende wa tatu. Ndani ya huo wa tatu limo somo la maigizo na filamu. Binti wa watu anasema analitaka. Babake anauliza kama amemvalisha sare miaka yote hii ili aje kuwa Mzee Ojwang', yule mchekeshaji wa runinga aliyechangiwa matibabu uzeeni. Mamake anasema mwacheni mwanangu, ana kipaji, na siku hizi kipaji kinalipa. Katika nyumba moja ya namna hiyo mimi ndiye mjomba, na nilipoombwa nitoe uamuzi niliwaudhi wote wawili.

Niliwaudhi kwa sababu naona wamekosea mahali pamoja. Shemeji anadhani umaskini wa mwigizaji umo ndani ya kazi yenyewe kama chumvi ndani ya bahari. Dada anadhani dawa yake ni kipaji. Mimi nasema umaskini ule umeandikwa. Umo katika karatasi anayotia sahihi asubuhi ya kwanza ya kurekodi, mara nyingi akiwa amesimama, mekapu imefika nusu ya uso. Analipwa siku zake za kazi, na kwa malipo hayohayo anauza sura na sauti yake kwa muda usio na mwisho. Kipindi kitarushwa, kitarudiwa, kitauzwa kwa stesheni nyingine, kitawekwa mtandaoni. Yeye alishauza, biashara yake imekwisha. Karatasi hiyo isipobadilika, mkondo wa sanaa utatuletea waigizaji waliosoma kuliko Mzee Ojwang' na watakaozeeka kama yeye.

Tuanze naye basi, maana jina lake ndiyo bakora ya kila mzazi. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu aliyevaa jina la Kijaluo na lafudhi ya Kijaluo, akaingia kwenye kipindi cha vichekesho cha Vitimbi cha runinga ya taifa pamoja na mwigizaji mwenzake Mama Kayai, na nchi nzima ikamwamini kiasi kwamba wapo waliokuja kujua kabila lake siku alipokufa. Ukitaka kujua uigizaji ni nini, anza hapo: mtu anaishi ndani ya ulimi wa mwenziwe kwa miongo kadhaa na wenye ulimi hawamshitaki, wanamcheka na kumpenda. Miaka michache kabla ya kifo chake macho yalimharibikia, na Wakenya wakaombwa wachange ili atibiwe. Alifariki Julai 2015, akiwa na miaka 78. Baba wa Mombasa akisimulia kisa hiki husema, unaona, sanaa haina mwisho mwema. Lakini hebu tukitazame tena. Kipaji alikuwa nacho. Umaarufu alikuwa nao, hata watoto wa Likoni na wa Lodwar walimwigiza. Kazi alifanya, tena mpaka uzeeni. Na vipande vya Vitimbi vingali vinazunguka kwenye simu zetu hadi leo. Mahali palipokatika ni pamoja tu, kati ya kazi inayoendelea kutazamwa na mfuko wa aliyeifanya.

Hadithi hiyo haikuzikwa naye. Mwaka 2021 mwigizaji mmoja aliyejulikana kwa kipindi cha runinga cha Tahidi High alilia mbele ya kamera, akasema ameishiwa. Kwa siku chache watu wakachanga fedha nyingi, wengine wakajitolea kumjengea nyumba. Miezi kadhaa baadaye alipoomba tena, wengi waliompa ndio waliomtukana. Nilikuwa kwenye kundi moja la WhatsApp ambapo mtu yuleyule aliyeandika "pole kaka" mara ya kwanza aliandika maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Harambee ndiyo pensheni tuliyowawekea waigizaji, na pensheni hiyo hutolewa kwa huruma na kukatwa kwa uchovu.

Sasa mwangalie mwigizaji wa Mombasa, ambaye safari yake ina vituo vyake vya peke yake. Huanzia tamasha za drama za shule, na akimaliza kidato cha nne hukuta ajira ya kwanza ikimngoja palepale alipotoka: maigizo ya vitabu teule, vile vya fasihi vinavyotahiniwa shuleni. Kundi la watu wanane, nguo za jukwaani ndani ya gunia, matatu ya kukodi hadi Kaloleni au Kwale. Enzi tamthilia ya Kigogo ilipokuwa kitabu teule, aliyecheza mhusika Majoka saa tatu asubuhi katika shule moja alimcheza tena saa nane mchana katika shule nyingine, sauti imekauka, wanafunzi wamelipa kiingilio cha mkononi. Kazi hiyo imelisha waigizaji wengi wa Pwani kuliko runinga ilivyowahi kuwalisha, na wala haitajwi kwenye tuzo yoyote. Mtihani wa mwisho wa kidato cha nne (KCSE) wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 utafanywa 2027, kwa hiyo riziki hii itasimama au itaanguka kutegemea vitabu ambavyo mfumo mpya utawapa watoto, na vitatahiniwa vipi. Katikati ya mihula huingia mashirika yanayotaka mchezo wa dakika kumi na tano sokoni Kongowea kuhusu dawa za kulevya au amani ya uchaguzi. Kuna matangazo ya redio pale Pwani FM au Baraka, kuna usherehekeshaji wa harusi, kuna mazoezi Tononoka na onyesho la mara mojamoja Little Theatre. Runinga huja baada ya yote hayo, kama mvua ya vuli: huenda ikanyesha.

Na runinga, mpaka juzi, ilikuwa Nairobi. Brenda Wairimu, aliyezaliwa hapa Mombasa, tulimjua kwa tamthilia ya Mali na baadaye Selina, na kazi zote mbili zilimtaka awe kule juu. Kwa asiyekuwa na jina, odisheni ya dakika nne ni Sh1,500 za treni kwenda na Sh1,500 kurudi, tangu nauli ilipopandishwa Januari 2024 kutoka Sh1,000. Hapo hajatoka kituo cha treni cha Miritini, hajala, hajalipa pa kulala, na pengine akifika anaambiwa nafasi ilijazwa jana.

Ndiyo maana tamthilia za Pwani zilipoanza kushamiri tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lulu Hassan na Rashid Abdalla, kupitia kampuni yao ya Jiffy Pictures, walithibitisha kwamba hadithi ya Kiswahili inayonukia karafuu na bahari inaweza kushika saa za jioni za nchi nzima; tamthilia yao Maria ya 2019 ilifungua njia, na ilipofika Sultana mwaka 2022 hata mabaraza ya wazee yalikuwa yakivunjika mapema. Lakini shangwe zile zimezaa dhana ambayo naona imepotoka, kwamba Mombasa sasa ina tasnia yake. Mji hauna tasnia kwa sababu kamera zinakuja. Mji una tasnia pale ambapo thamani inayotoka ndani yake inabaki kiasi ndani yake. Tulicho nacho kwa sasa ni mandhari nzuri na ulimi mzuri, na vyote viwili vinakodishwa.

Nieleze nilichokiona siku moja Mji wa Kale, kazi ya watayarishaji ambao sitawataja. Nyumba ilikuwa na mlango wa nakshi, jenereta imefichwa kwenye kichochoro, nyaya zimefunikwa kwa mkeka. Walirekodi kwa kuibia muda: adhana ya adhuhuri ikilia mtu wa sauti anainua mkono, wote kimya, adhana ikiisha inapita tuktuk, wanangoja tena, tuktuk ikipita muuza kahawa anagonga vikombe vyake. Mwanamke mmoja wa Kisauni alikuwa na mistari mitatu. Aliposema "Ndoo hapa, wataka nini?" mwongozaji alikata. Akamwambia watazamaji hawataelewa, aseme "Njoo hapa yakhe, unataka nini?" Mwanamke alisema hivyo, akavuta na maneno kama alivyoagizwa, na Kimvita cha nyanyake kikageuka kikaragosi cha Mswahili. Wakati wa chakula nilimwona ameketi na nyota wa kipindi, kijana kutoka bara, akimfundisha kutamka "dhambi" isiwe "zambi". Walirudia mara nyingi, kijana akicheka, mama akishikilia ulimi wake baina ya meno ili amwonyeshe. Somo lile halikuwa kwenye bajeti. Mwishoni mwa siku alilipwa kama msemaji wa mistari mitatu.

Kisa hicho nakisimulia kwa kuwa kinaonyesha hasa ni kitu gani kinauzwa. Wasifu wa mwigizaji wa Pwani kwenye runinga ni mfupi: mganga, mama mwenye shari na leso, tajiri wa Kiarabu, mvulana wa ufuoni, mwenye majini. Anatakiwa alete uhalisi, kisha uhalisi huo unachongwa uingie kwenye kisanduku. Na kwa upande wa malipo, jiwe linamshinda. Kamera ya biashara ikitaka kuingia ngome ya Fort Jesus, Makavazi ya Taifa hutoza ada. Ikirudi mwaka ujao, hutoza tena. Ukuta ulioanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 unajua kwamba sura yake ina bei kila inapotumiwa. Mama wa Kisauni aliyesimama mbele ya ukuta huo analipwa siku moja.

Watu wengi wanadhani hali hii imetokana na uchoyo wa watayarishaji peke yake. Ina mizizi mirefu zaidi, na imo katika sheria. Mkataba wa Roma wa 1961, ambao ndio uliowapa wasanii wa maonyesho haki zao za kwanza za kimataifa, ulikuwa na kifungu cha 19 kinachosema kwamba msanii akikubali onyesho lake liingizwe katika picha ya kutazamwa, zile haki alizopewa na kifungu cha 7 hazimhusu tena. Yaani mwanamuziki aliyerekodiwa sauti alibaki na kitu; mwigizaji aliyeingia kwenye filamu alitoka mikono mitupu kwa kukubali tu kuigiza. Ilichukua zaidi ya nusu karne kulirekebisha. Mkataba wa Beijing ulipitishwa Juni 2012 na ukaanza kutumika Aprili 2020, nao unampa mwigizaji haki juu ya onyesho lake la picha. Hata hivyo kifungu chake cha 12 kinaruhusu nchi iseme kwamba mwigizaji akishatoa idhini haki zinamwendea mtayarishaji, isipokuwa mkataba baina yao useme vinginevyo, na pia kinaruhusu nchi imwekee mwigizaji mgao wa mapato bila kujali haki zimekwenda kwa nani. Soma maneno hayo taratibu. Ile karatasi baina ya mwigizaji na mtayarishaji ndiyo inayopewa nguvu ya kuamua. Kwetu tuna Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na tuna PRISK, chama kilichoundwa kukusanya malipo ya wasanii wa maonyesho, waigizaji wakiwemo. Lakini aliyekwisha andika kwamba hadai kitu milele hana mengi ya kukusanyiwa.

Watayarishaji wana hoja yao, na ni hoja nzito. Soko ni dogo. Stesheni inanunua kipindi kwa bei ambayo baada ya jenereta, chakula, magari na kibali cha bodi ya filamu inabakisha kidogo. Matangazo yamehamia mitandaoni. Mtayarishaji akiambiwa alipe waigizaji zaidi, anasema, atapunguza wahusika au ataacha kurekodi, na hapo mama wa Kisauni atakosa hata ile siku moja. Nawaamini. Ila hoja hiyo inajibu swali ambalo sikuuliza. Mgao wa marudio haulipwi siku ya kurekodi. Unalipwa pale kipindi kinapouzwa tena, kutokana na pesa iliyokwisha ingia. Kipindi kisiponunuliwa tena, mgao ni sifuri na mtayarishaji hajapoteza hata senti. Waigizaji wa Marekani walipogoma mwaka 1960, chama chao kikiongozwa na Ronald Reagan kabla hajaota urais, walikuwa wanagombania kitu hichohicho: filamu zao kuonyeshwa kwenye runinga bila wao kuambulia chochote. Waligoma tena 2023 kwa siku 118 kwa kuwa mtandao ulikuwa umerudisha mchezo uleule kwa mlango mwingine, na akili unde ikawa mlangoni inabisha hodi. Hollywood ina pesa ambazo sisi hatuna, ndiyo, lakini asilimia ni asilimia. Ya kikubwa huwa kubwa, ya kidogo huwa ndogo, na haijawahi kumfilisi mtu.

Hofu ya wazazi juu ya heshima, hasa kwa watoto wa kike, siidharau. Naona ni jambo la familia kuliamua, na binti anayejua mkataba ana nguvu ya kukataa onyesho asilolitaka kuliko asiyeujua. Hoja nisiyoiwekea heshima ni ile ya mitandaoni kwamba waigizaji ni maskini kwa sababu hawajui kuweka akiba; wanakula pesa kwa raha na pombe, kisha wanatulilia. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mwigizaji wa nafasi ya kati analipwa Sh4,000 kwa siku, ameitwa siku nane kwa mwezi, na msimu unarekodiwa kwa miezi minne. Hizo ni Sh128,000. Zigawe kwa miezi kumi na miwili, maana tumbo halina msimu, upate kama Sh10,700 kwa mwezi. Humo atoe kodi ya chumba, nauli, na sasa bima ya afya ya SHA iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ambayo asiye na mshahara anatakiwa kuilipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Umpe mtu huyo nidhamu ya mhasibu wa bandarini na bado atafika mwezi wa saba akikopa. Walevi wapo, kama walivyo kwenye kila kazi, wakiwemo wahasibu wa bandarini, ila hao wana pensheni.

Kinachoshangaza ni kwamba vijana wanaorekodi vichekesho kwa simu pale bustani ya Mama Ngina wamefika penye jibu bila kusoma mkataba wowote wa Beijing. Kwa video za kawaida YouTube inataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka kabla haijaanza kumgawia mtu matangazo, na wengi hawafiki. Waliofika wanapata kidogo. Lakini video ni yao. Ikitazamwa mwaka wa tano, wanalipwa mwaka wa tano. Wachekeshaji hawa, tunaowaona wahuni wa kamera, wamepata kile ambacho Mzee Ojwang' hakukipata kwa umahiri wake wote, na nadhani hilo ndilo linalowavuta vijana kuliko umaarufu.

Kwa hiyo somo la maigizo na filamu likifundishwa kama kutembea jukwaani na kupaza sauti, tutakuwa tumewapa watoto wetu nusu ya kazi. Mwanafunzi wa udereva hufundishwa pia alama za barabarani. Huyu naye afundishwe kusoma mkataba, ajue maana ya kuuza haki na kukodisha haki, ajue kiwango cha siku na mgao ni vitu viwili. Kaunti, ambayo haichoki kuwakaribisha watengenezaji wa filamu kwenye fukwe zetu, ingeweza kuweka sharti dogo kwamba anayetumia maeneo au fedha zake aonyeshe mikataba yenye kikomo cha muda na kipengele cha marudio, tena iliyoandikwa kwa Kiswahili. Na waigizaji wa hapa, ambao kila mmoja huenda kupatana peke yake akiogopa nafasi kumwendea jirani, itabidi wakubaliane bei ya chini hata kama ni ndani ya kundi la WhatsApp.

Nimesema mimi ni mjomba katika nyumba moja. Yule wa Gredi ya 10 ana dada yake mkubwa, miaka 24, ambaye alianza na vitabu teule na sasa amepata nafasi katika tamthilia. Mwezi uliopita alinijia barazani na kurasa mbili za Kiingereza. "Mjomba, hebu nisomee hii, wataka jibu leo." Ilikuwa karatasi nadhifu. Aya ya sita ilisema anampa mtayarishaji haki zote za onyesho lake katika vyombo vyote vilivyopo na vitakavyobuniwa, ulimwengu mzima, milele. Nilimtafsiria. Akaniuliza hivyo vitakavyobuniwa ni vipi, nikamwambia hata wao hawajui, ndiyo maana wameviandika. Alikaa kimya, kahawa ikapoa. Kisha akachukua kalamu, akakata lile neno la mwisho, akaandika juu yake miaka mitano, na pembeni akaongeza mstari mmoja wa kuomba asilimia tano ya mauzo ya baadaye igawiwe waigizaji. Babake alisema ameitupa kazi.

Karatasi ilirudi siku ya tatu. Miaka mitano imekatwa, imeandikwa saba, na mtu ametia herufi za jina lake pembeni. Ule mstari wa asilimia ulipigwa kistari bila maelezo. Ametia sahihi. Wanaanza kurekodi Jumatatu, huko Mtwapa, na amepewa mistari mingi kiasi.